UZI: Mzunguko mrefu wa Karura hii baridi ya Julai (njia, viatu, miti inayokatwa, maswali yote hapa)

Mtembezi_wa_Parklands | Jumapili, 20:12

Wadau habari za jioni. Ikifika tu Juni watu wanaficha raba kabatini wanangoja Septemba, ati baridi, ati matope, na mimi nasema wazi hapa mnakosa miezi mizuri kabisa ya kutembea msitu wa Karura hapa Nairobi. Wengi wameniuliza kwa meseji kuhusu ule mzunguko mrefu, kwa hivyo naandika yote mara moja, uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka asome ile sehemu anataka.

Kwanza hii baridi yenyewe. Sisi tuko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti upepo unakuja kutoka kusini mashariki umebeba unyevu wa Bahari Hindi, ukipanda huku kwetu unapoa unageuka yale mawingu ya chini ya kijivu ambayo yanakaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria. Jua halipiti. Usiku inashuka hadi nyuzi 10 au 12, kuna siku hata mchana 20 haifiki. Lakini mvua ya kweli hakuna, ni manyunyu tu, haiwezi kulinganishwa na Aprili. Sasa wewe fikiria unataka kutembea saa nne au tano mfululizo: hakuna jua la kukuchoma kichwa, hakuna vumbi, na asubuhi ukungu umelala kwenye bonde la mto watu ni wachache. Mnataka nini kingine?

Njia sasa. Karura ni kama hekta 1,041, na ni msitu wa serikali uliotangazwa rasmi tangu 1932. Ndani kuna njia zaidi ya kilomita 50, na kila njia panda iko na nguzo yenye namba. Piga picha ile ramani ya getini kwa simu, halafu uwe unalinganisha namba, huwezi kupotea hata kama mtandao umekataa. Limuru Road inaupasua msitu vipande viwili, ng'ambo kuna Sigiria na upande huu ndio ule mkubwa ambao naongea juu yake.

Mimi naingia geti la Limuru Road, lile liko mkabala na ubalozi wa Ubelgiji. Badala ya kufuata barabara pana ya katikati ambayo kila mtu anafuata, nashika vijia vya pembeni, naenda hivyo polepole kuelekea mashariki mpaka upande wa Kiambu Road. Hapo ndio nusu. Unapumzika, unakunywa chai, halafu kurudi unateremka kwa bonde la mto, unapitia mapango ya Mau Mau na maporomoko, mianzi, unapanda tena taratibu hadi ulipoanzia. Ukizungusha hivyo bila njia za mkato unapata kilomita 16 hadi 18. Mtu wa mwendo wa kawaida ni saa nne na nusu hivi ukiwa unasimama kuangalia vitu, na inafaa usimame.

Ingieni mapema. Saa moja asubuhi mko ndani. Geti linafungwa jioni na giza la Julai chini ya miti linaingia kabla hata saa yako haijakuambia.

Ulizeni.

---

Nyambura_K | Jumapili, 20:40

Asante sana kwa hii. Swali langu ni moja na naomba nijibiwe ukweli, mimi hutembea peke yangu juu marafiki zangu hawaamki Jumamosi. Hivyo vijia vya pembeni viko sawa kwa mwanamke peke yake ama nikae tu kwa barabara kubwa? Nilikulia Kiambu na nyumbani tulikuwa tunaambiwa Karura usipite hata kwa gari ukifungua dirisha.

---

Mzee_wa_Kiambu_Road | Jumapili, 21:05

Binti yangu Nyambura, wazazi wako hawakukudanganya. Miaka ya themanini na tisini huo msitu ulikuwa wa kuogopwa. Watu waliporwa humo, maiti zilitupwa humo, mwenye heshima zake hakuwa na sababu ya kuingia. Na ndiyo maana ilikuwa rahisi kuugawa, kwa sababu mahali watu wanaogopa hakuna wa kuuliza kunafanyika nini.

Wacha niwaambie ninyi vijana kwa sababu naona wengi mnajua Karura ya baiskeli na kahawa pekee. 1998 ndipo tulijua vizuri kwamba vipande vya msitu vimepewa watu binafsi wajenge, miti imeanza kuangushwa, trekta ziko ndani. Wangari Maathai na Green Belt Movement, chama chake cha kupanda miti, wakaanza kwenda kupanda miche humo ndani, wabunge wa upinzani wakaungana nao, na Oktoba mwaka huo mashine za ujenzi zilichomwa moto. Tarehe 8 Januari 1999 alirudi getini kupanda mti, akavamiwa yeye na wenzake na kundi la wanaume waliokodishwa, akapigwa kichwani akatoka damu. Alienda polisi kuandikisha na akatia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Baada ya hapo wanafunzi wa vyuo vikuu wakatoka barabarani, mji ukachafuka, na Agosti 1999 rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Kwa hivyo hizo kilomita kumi na nane mnazotembea mjue zingekuwa nyumba za ghorofa na kuta za mawe. Tuzo yake ya amani ya Nobel ya 2004 wengi wanaijua, lakini mimi nikiingia Karura nakumbuka Januari ile.

Kuhusu usalama wa leo waachie wanaofanya kazi huko wajibu, mimi natembea na mke wangu kila wiki na hatujawahi kuguswa.

---

Omosh_Skauti | Jumapili, 21:33

Salamu mzee, asante kwa historia. Mimi nimefanya kazi ya uskauti, yaani ulinzi, ndani ya huu msitu kwa hivyo naeza jibu hapo.

Dada Nyambura, mabadiliko yalianza ile 2009 kuendelea, watu wanaoishi kando ya msitu walipoungana kuunda chama cha jamii cha msitu, wakashika mkono na Kenya Forest Service, wale wa serikali wanaosimamia misitu. Sheria ya misitu ya 2005 ndio ilifungua huo mlango, juu kabla yake jamii haikuwa na nafasi ya kuketi meza moja na serikali kuhusu msitu. Fensi ya stima ikazunguka msitu, maskauti wakaajiriwa, wengi wetu ni vijana wa mitaa ya karibu kama Huruma ile ya Kiambu Road, watu ambao zamani walikuwa wanaingia humu kutafuta kuni na kufukuzwa. Sasa ni sisi tunalinda. Tunazunguka kwa miguu, tuko na redio, na kwa zile njia za pembeni ndio tunapita sana juu ndiko fensi iko.

Kwa hivyo jibu ni ndio, tembea. Lakini fanya hivi: ukiingia hifadhi namba ya simu ya dharura iliyo kwa ramani getini, weka simu chaji imejaa, na usivae vitu vya masikio vyote viwili. Hiyo ya mwisho hata si ya wezi, ni ya baiskeli. Asubuhi yenye ukungu baiskeli inateremka mlima hakusikii na wewe huisikii.

Na kitu kingine wadau. Hizi njia hazijitunzi. Mvua ya Aprili na Mei ikiisha kunakuwa na kazi kubwa ya kufungua mitaro, kuna zile kingo tunachimba kukatiza njia kwa mshazari ndio maji yatoke pembeni yasikimbie katikati yakaifanya korongo. Mkiona kile kituta kidogo kimekatiza njia msikizunguke kwa kukanyaga majani ya kando, kivukeni juu. Watu mia wakizunguka pembeni tayari ni njia mpya na maji yanapata pa kupita. Ni hivyo hivyo kwa dimbwi. Pitia katikati, kiatu kitakauka.

---

Nyambura_K | Jumapili, 21:41

Asante Omosh, asante mzee wangu. Nimeelewa. Jumamosi nko ndani.

---

Kevo_Zimmerman | Jumapili, 22:10

Uzi safi lakini kuna kitu kinaniuma na sijaona mtu akitaja. Mwezi uliopita nimepita huko ndani nikapata sehemu kubwa imefyekwa, magogo yamepangwa kando ya njia, visiki vinatoa maji bado, lori linangoja. Nilisimama hapo nikaskia vibaya sana. Si huyu ndio msitu mzee amesema mama alipigwa akiutetea? Sasa nani anakata na kwa nini tunatembea tu tukinyamaza?

---

Mtembezi_wa_Parklands | Jumapili, 22:48

Kevo swali lako ni la maana sana na nafurahi umeliuliza, usiache kuuliza maswali kama hayo. Wacha nieleze venye naelewa.

Sehemu kubwa ya Karura si msitu wa asili. Wakoloni walipoleta reli, treni zilikuwa zinatumia kuni, na Nairobi yote ilikuwa inahitaji mafuta ya treni na mbao za kujengea. Hata Arboretum pale State House Road ilianzishwa 1907 kama shamba la kujaribu ni miti gani ya kigeni itakua haraka huku. Mikaratusi kutoka Australia ikashinda. Ndio ikapandwa mistari kwa mistari hadi Karura, na msitu wa asili uliokuwapo ukakatwa kuipisha. Ukipita pale kwenye mikaratusi mikubwa iliyonyooka angalia chini yake, hakuna kitu, majani makavu tu na kichaka kidogo. Inakunywa maji mengi sana na majani yake yakianguka yanazuia mimea mingine kuota vizuri. Halafu vuka uingie kwenye msitu wa asili hatua hamsini tu mbele, unakuta miti ya urefu tofauti tofauti, kamba zinaning'inia, ndege kila mahali, na hewa ina unyevu hata Februari.

Kwa hivyo mpango ni kuitoa ile mikaratusi kidogo kidogo na kurudisha miti ya asili mahali pake. Kisiki kibichi kinauma macho, hata mimi kinaniuma. Lakini rudi sehemu zilizokatwa miaka ya nyuma uone, kuna miti ya asili imepita kichwa cha mtu na huwezi jua palikuwa na mkaratusi.

---

Kevo_Zimmerman | Jumapili, 23:02

Sawa nimekuelewa na hiyo ya reli sikuwa najua. Lakini bado nasema, anayekata aweke kibao hapo kando ya njia: tunatoa mti gani, tunapanda nini, lini. Mwananchi asibaki kukisia. Na historia yetu na ardhi mnaijua.

---

Mzee_wa_Kiambu_Road | Jumatatu, 06:20

Kevo niko na wewe. Kuelezwa sababu ni kitu kimoja na kuangalia kama kweli kimefanyika ni kingine. Mimi nikiona sehemu imekatwa natia alama kwa daftari namba ya nguzo iliyo karibu, narudi msimu wa mvua kuangalia kama miche imewekwa, na mwaka unaofuata naangalia kama iliyopandwa ingali hai au lantana, kile kichaka vamizi, imeimeza. Hii si kumshuku mtu, ni kazi ya jirani. Msitu ambao watu elfu wanaupita kila wiki wakiwa wamefungua macho ni vigumu sana kuiba. 1998 wezi walitegemea kwamba hatuingii.

---

Wa_Mitishamba | Jumatatu, 08:15

Naongezea kwa miti juu ndio kitu napenda zaidi na naona watu wanapita tu bila kujua wamepita nani.

Ukiwa kwenye msitu wa asili wa Karura mti unaofaa kuujua kwanza ni muhugu. Gome lake ni la kijivu limechanika kwa urefu, majani yako meupe kwa chini, upepo ukipiga unaona mti wote unabadilika rangi. Muhugu unakua polepole sana. Mbao yake ni ngumu, mchwa hauiwezi, kwa hivyo watu waliitaka kwa nguzo za fensi, na wachongaji wa vinyago waliitaka sana, vile vinyago vya kuuzia watalii vingi vilitoka kwa muhugu. Ndio maana kwingine umekwisha. Kupata kichaka cha muhugu mzima umesimama katikati ya mji mkuu, kilomita chache kutoka Globe pale tao, mimi naona ni kitu cha kusimamisha mtu.

Kuna mukinduri, huo ni mwingi, matawi yake yametanda kama yamepangwa kwa ngazi na vijikokwa vyake vimejaa chini, mbegu zake zina mafuta. Kuna muthiga, ule ambao wazee walitafuna gome lake kwa kifua na kikohozi, mkali kama pilipili. Kuna mutarakwa, mutamaiyu, muringa. Na muiri, ambao gome lake linatafutwa dunia nzima kwa dawa ya tezi dume mpaka biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa.

Tafadhali, tafadhali, hata kama unajua dawa yake usibandue gome. Mti ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote unakufa. Na kikohozi cha Julai kina tangawizi na malimau sokoni.

---

Chebet_R | Jumatatu, 09:30

Jamani asante kwa hii darasa. Viatu sasa. Nina raba za kukimbia na nina gambuti za shamba, hizo tu. Nivae gani? Na nguo? Mimi nikisikia baridi nabeba jaketi zito la kusafiria usiku halafu nikifika katikati nimeloa jasho.

---

Mtembezi_wa_Parklands | Jumatatu, 12:44

Raba, lakini ziwe na meno chini. Ule udongo wetu mwekundu ukipata manyunyu kwanza unashika kiatu, unakipa soli ya pili ya tope, halafu ukishafika mteremko ndio unateleza. Kiatu chenye soli laini kitakuangusha hasa ile sehemu ya kushuka kwenda kwa mto na kwa mapango. Gambuti kilomita 18 zitakuchubua visigino, hizo waachie watu wa kufungua mitaro. Soksi beba pea ya ziada, badilisha pale nusu ya njia upande wa Kiambu Road, utashukuru.

Nguo, acha jaketi zito. Ndani tisheti ya nailoni ile ya kuchezea mpira, isiwe ya pamba, juu pamba ikilowa jasho inakaa maji mwilini na ukisimama tu baridi inakuingia mgongoni. Juu yake sweta, juu yake koti jepesi la mvua. Unaanza ukiwa unasikia baridi kidogo, hivyo ndivyo inafaa, baada ya dakika kumi na tano utakuwa sawa. Sweta unaitoa kwa milima unaivaa ukisimama. Kofia ya marvini asubuhi.

Na kunywa maji hata kama husikii kiu. Baridi inadanganya hapo, watu wanamaliza njia nzima na nusu chupa halafu jioni kichwa kinapasuka.

---

Mama_Shiru | Jumatatu, 13:20

Na sisi wa watoto? Nina wa miaka sita na wa tisa. Kilomita 18 hawawezi, wa tisa anaweza nusu yake akiwa na maneno mazuri na mandazi.

---

Omosh_Skauti | Jumatatu, 13:58

Mama Shiru, kwa hao usizunguke pembeni. Ingia geti la Limuru Road, fuata vibao vya maporomoko na mapango, nenda urudi. Yale maporomoko yana urefu kama mita 15 na Julai maji bado yako juu ya zile mvua ndefu. Watoto wanapenda mapango kuliko kitu chochote, waambie ukweli wake, kwamba wakati wa hali ya hatari miaka ya hamsini wapiganaji walijificha humo, mji wa mkoloni ukiwa hapo karibu kabisa. Wa miaka sita mshike mkono kwa zile ngazi, zina unyevu na mawe yana utelezi.

Kuna pia lile tanuru la zamani ambapo Benki Kuu ilikuwa inachoma noti zilizochakaa. Mtoto wa miaka tisa akisikia hapa ndio pesa zilikuwa zinachomwa maswali hayataisha mpaka nyumbani.

Mandazi sawa lakini yakae ndani ya mkebe, si mfuko wa plastiki. Plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ndani ya misitu na hifadhi zote tangu Juni 2020, chupa za maji za dukani zikiwemo, kwa hivyo beba ile ya chuma au ya kurudia. Na mkiketi kula angalieni juu. Kima wanajua sauti ya mkebe ukifunguliwa. Usimpe hata kipande. Kima akishazoea chakula cha mtu anaanza kunyang'anya, siku moja anamkwaruza mtoto, na hapo anayeonekana mbaya ni kima.

---

Lenzi_ya_Ruaka | Jumatatu, 17:26

Mimi naingilia kwa wanyama na ndege. Watu wananiambia Julai hakuna cha kuona juu mwanga ni mbaya. Kwa kamera ni kweli kuna kazi, lakini kwa macho ni afadhali, ile baridi inafanya vitu viamke polepole. Saa mbili asubuhi siku ya jua ndege wengi wamenyamaza. Saa mbili asubuhi ya mawingu bado wanaendelea.

Sikilizeni hondohondo, hao huwezi kukosa, mabawa yao yanavuma wakipita juu. Kuna yule ndege wa kijani mwenye kichwa cheusi cha samawati, akiwa ametulia kwa tawi humwoni kabisa, akiruka mabawa yanafunguka mekundu ya damu. Na kuna tai mkubwa wa msituni anayewinda kima. Ukiona kima wote wamenyamaza ghafla wamejikunyata karibu na shina, angalia angani.

Mbega pia, wale weusi wenye manyoya marefu meupe mgongoni. Hao walirudishwa, waliletwa kutoka upande wa Kipipiri ambako walikuwa wanasumbuana na wakulima, sai wamezaana na ukitembea asubuhi unawapata juu kabisa ya miti wameketi wakiota kajua kanapotokea. Chini tafuta funo na paa, wadogo sana, utaona tu kitu cha kahawia kimekatiza njia. Simama. Mara nyingi yuko wa pili nyuma.

Na siafu. Mkikuta wamekatiza njia msisimame kushangaa, rukeni mwendelee, suruali ikiwa ndani ya soksi.

---

Juma_wa_Eastleigh | Jumatatu, 19:50

Mimi sina gari. Kutoka tao nafika aje na nikitoka upande wa Kiambu Road nikiwa nimechoka naeza rudi nyumbani kutoka hapo bila kumaliza mzunguko?

---

Mtembezi_wa_Parklands | Jumatatu, 20:31

Juma ndio, na hiyo ni njia poa ya kujaribu mara ya kwanza. Kwenda panda matatu za Ruaka ama Banana zinazopitia Limuru Road, mwambie konda akushushe geti la Karura. Ukifika nusu na miguu imekataa toka geti la Kiambu Road, matatu za kutoka Kiambu kurudi tao zinapita hapo. Kiingilio unalipa kwa simu kabla ya kuingia, beba kitambulisho ndio ulipe bei ya raia, na uhakikishe ada siku hiyo hiyo juu huwa zinabadilika.

Ila ukiweza maliza mzunguko. Ile nusu ya pili ndio msitu unabadilika. Nusu ya kwanza ni mikaratusi mingi, unatembea unaongea. Ukishateremka kwa bonde watu wote hunyamaza, sijui ni maji ama ni vile miti inakaribiana. Mara nyingi hapo ndio mawingu huwa yanapasuka kidogo na unapata mwanga kwa mianzi, manyunyu yakiwa bado kwa majani.

---

Njeri_wa_Mbwa | Jumatatu, 21:07

Mbwa wanaruhusiwa huo mzunguko wote? Na ile Sigiria ng'ambo mmeitaja mkaiacha, naeza kuunganisha zote mbili siku moja?

---

Omosh_Skauti | Jumatatu, 21:30

Mbwa sawa lakini awe kwa kamba muda wote, hata kama ni mpole. Funo akifukuzwa anakimbilia fensi. Kinyesi unabeba.

Sigiria unaweza kuunganisha. Ni ndogo na ina utulivu zaidi, wengi wanaenda huko kukimbia. Ukifanya Sigiria kwanza, kama saa moja na nusu, halafu uvuke uingie upande mkubwa, jumla ni siku nzima kwa hivyo uwe umeanza asubuhi kabisa. Kuvuka Limuru Road kuwe kwa makini, gari za asubuhi zinakimbia na kwa ukungu dereva hakuoni, mbwa umshike kamba fupi. Na uulize getini kama tiketi moja inakubaliwa pande zote mbili siku hiyo, usikate tu shauri mwenyewe ukafika ukarudishwa.

---

Nyambura_K | Jumatatu, 21:52

Njeri, mimi Jumamosi saa moja kamili nko geti la Limuru Road, mzunguko mkubwa bila Sigiria, mwendo wa pole. Kama unataka njoo na mbwa wako tutembee wawili. Juma pia karibu, na Kevo njoo na kalamu tuandike namba za hizo nguzo penye pamekatwa.

---

Kevo_Zimmerman | Jumatatu, 22:03

Nakuja. Mzee wa Kiambu Road, tafadhali niandikie zile namba ambazo tayari unazo kwa daftari yako ndio tuanzie hapo.

---

Mzee_wa_Kiambu_Road | Jumanne, 06:05

Nitakutumia leo jioni kwa meseji. Nyingi ziko upande wa mashariki, kwa hivyo mtazikuta kabla hamjapumzika. Angalieni sana miche iliyo chini ya goti, hiyo ndiyo lantana huimeza kwanza, na kama mmebeba glavu mnaweza kuing'oa hiyo lantana pale imekaribia shina, Omosh atawaonyesha namna ya kushika mzizi.

---

Omosh_Skauti | Jumanne, 06:40

Niko zamu Jumamosi. Msianze kung'oa kabla sijafika juu kuna miche midogo inafanana nayo sana. Mkifika nusu nipigieni.